Kwadi imelala miaka, ikimwagiwa petroli inawaka sekunde mbili inazima: usinunue CDI wala injini kwanza

"Fundi habari za kazi. Nimenunua kwadi iliyotumika, ile pikipiki ya magurudumu manne, Yamaha Grizzly 350 ya kabureta, kutoka hoteli moja ya ufukweni huku Pangani. Ililala chini ya mkorosho tangu watalii walipokata mwaka 2020 na waliiacha na petroli yake tangini. Nilipoifikisha nyumbani nikapiga stata ikawa inalia tik tik tu. Nikabusti na betri ya gari, injini ikazunguka vizuri lakini haiwaki. Nikabadilisha plagi, haiwaki. Kijana mmoja akamwagia petroli kidogo kwenye njia ya hewa, ikawaka kama sekunde mbili ikazima, tukarudia mara nne ni hivyo hivyo. Fundi wa kwanza kasema CDI, kale kaboksi ka umeme kanakoamuru cheche, imekufa. Wa pili kasema injini imechoka ninunue nyingine, kanitajia milioni mbili na laki mbili. Mimi nilitaka ya kubebea nazi shambani tu. Nianzie wapi, au ndo nimeuziwa mbuzi kwenye gunia?"

Ndugu yangu, pole na hongera kwa pamoja. Swali lako nimelisoma mara mbili maana jibu umeshaliandika mwenyewe katikati bila kujua, pale uliposema ikamwagiwa petroli ikawaka sekunde mbili. Hao mafundi wawili inaonekana walikusikiliza mpaka neno "haiwaki" wakaishia hapo, wakati hizo sekunde mbili ndo zina thamani kuliko yote mengine uliyosema. Mbuzi yupo kwenye gunia na anapumua, sema ana njaa.

Nikueleze kwa nini nasema hivyo ili na wewe ukisimama mbele ya fundi uwe na la kumwambia. Injini ya petroli, iwe ya bodaboda au ya Land Cruiser, ili iwake inataka vitu vinne: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi chake, kompresheni yaani pistoni iubane huo mchanganyiko, cheche ya plagi, na hiyo cheche ije kwa wakati wake isiwahi wala isichelewe. Basi. Sasa mlipomwaga petroli kwa mkono mliruka tangi, mkaruka koki, mkaruka kabureta inayochanganya petroli na hewa, mkamlisha mgonjwa kwa kijiko, na akameza. CDI ingekuwa imekufa kusingekuwa na cheche, na bila cheche hata ungemwaga lita nzima isingewaka hata nusu sekunde, plagi ingelowa tu ikanuka. Kompresheni ingekuwa imekwisha kabisa pia isingewaka. Na cheche ingekuwa inakuja ovyo ungesikia inapiga mabomu, haiungurumi. Kwa hiyo vitu vitatu vipo, vinatosha angalau kuwashia, kilichokosekana ni petroli kufika yenyewe bila kubebwa, na mmerudia mara nne jibu ni lile lile kwa hiyo siyo bahati.

Ila huo mchezo wa kumwagia uishie hapo tafadhali. Injini ikirudisha moto nyuma kupitia kabureta na wewe umeinamia na kopo la petroli mkononi, hutakuwa na shida ya kwadi tena utakuwa na shida ya ngozi. Alafu petroli mbichi ikiingia nyingi inaosha ile oili nyembamba kwenye ukuta wa silinda, ringi za pistoni zinasugua chuma kwa chuma. Umeshapata jibu ulilolitaka, hakuna haja ya kuuliza mara ya tano.

Nirudi kidogo kwenye CDI maana hii inaniuma. Kwenye gereji nyingi kitu kisichoeleweka kinaitwa CDI, na sababu ni moja, kale kaboksi kamezibwa na gundi ngumu hakifunguki, kwa hiyo ukisema kimekufa hakuna wa kukupinga. Sijisafishi, na mie nishawahi kumnunulisha mteja CDI, tukafunga, ikabaki kimya vile vile. Mwisho wa siku shida ilikuwa swichi nyekundu ya kuzimia pale kwenye usukani, ndani ilikuwa imeota ukungu wa kijani kwa chumvi ya bahari. Nilimrudishia hela ya ufundi lakini ya CDI dukani hawakuipokea, vitu vya umeme ukishavifungua ndo vyako. Tangu hapo CDI kwangu inashikwa ya mwisho, baada ya plagi, kofia ya plagi, koili, waya wa athi, fyuzi, swichi zote na koili ndogo ya magneto inayoipa CDI taarifa ya wakati wa cheche. Kwako wewe hata hatufiki huko.

Sasa petroli. Watu wengi wanaamini petroli haiharibiki, "mafuta ni mafuta". Hapana. Petroli siyo kitu kimoja, ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi vinawaka haraka na vingine vizito. Vile vyepesi ndo vinaiwasha injini ikiwa ya baridi, na ndo vya kwanza kupaa vikikaa tangini na juani. Vinavyobaki vinaingiliana na hewa vinageuka kuwa kitu cha kunata, mwanzo kama asali halafu kinakauka kinakuwa kama vanishi ya fanicha. Miezi michache tu inatosha kuanza, wewe una miaka, chini ya mkorosho, kwenye joto la Pangani. Fungua kifuniko cha tangi unuse. Petroli nzima inapanda puani inachoma, iliyokufa inanuka kama rangi ya mafuta ya zamani, na rangi yake inakuwa ya chai ya rangi. Usijaribu kuiokoa kwa kuichanganya na mpya, itoe yote. Na usiimwage chini shambani, itie dumu ufunge, wapo wa kuoshea vyuma wataichukua.

Kabla hujagusa kabureta lakini, kuna kitu kimoja cha dakika mbili ambacho ukikiruka unaweza kuua injini nzima wewe mwenyewe. Chomoa kijiti cha kupimia oili, angalia, nusa. Kwenye kabureta kuna kasindano kanakofunga petroli bakuli lake la chini likijaa. Kakinasa wazi petroli inashuka polepole kutoka tangini, inaingia kwenye silinda, inapita pembeni ya ringi inaenda kuchanganyika na oili chini. Ukikuta oili ni nyepesi kama maji, imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usipige stata tena hata mara moja mpaka umeimwaga. Ukikuta ni nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji, nayo mwaga, pengine hata mara mbili, ukitia mpya injini ikapata joto ukamwaga tena. Hata ukikuta iko safi mie ningemwaga tu kwa umri wake. Ukinunua mpya tazama nyuma ya kopo paandikwe JASO MA au MA2, maana ndani ya hii mashine kuna klachi inayoogelea kwenye oili hiyo hiyo, na oili nyingi za gari zina kilainishi kinachoifanya klachi iteleze. Muuza duka atakwambia oili ni oili, mwache aseme.

Haya, tuingie kwenye kabureta. Kipimo cha kwanza hakihitaji kufungua chochote zaidi ya skrubu moja. Tia petroli mpya kama lita mbili, fungua koki, kisha chini kabisa ya bakuli la kabureta utaona kaskrubu ka kumwagia, weka kopo chini yake ukalegeze. Kama petroli inatiririka bila kukatika, maana yake tangi, koki na bomba viko sawa, kilichoziba ni vijitundu vya ndani. Kama inadondoka tone tone au hakuna kabisa, rudi nyuma: chomoa bomba pale linapoingia kwenye kabureta uone kama linatoa. Likitoa, kasindano kamenata kamefungwa. Lisipotoa, ni koki au chujio lake dogo lililomo ndani ya tangi. Angalia na bomba lenyewe, mpira wa miaka hiyo ukiukunja ukaona nyufa nunua mwingine, ni bei ya soda mbili.

Kwa jinsi ulivyoeleza, na kwa miaka iliyolala, mie dau langu naliweka kwenye jeti ndogo. Ndani ya kabureta kuna jeti mbili za shaba, yaani vijiskrubu vyenye tundu la kupitishia petroli. Kubwa inafanya kazi ukivuta mafuta kwa nguvu. Ndogo ndo inayolisha injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inaunguruma bila kuvuta mafuta, na pale unapowasha, na tundu lake ni chini ya nusu milimita, yaani uzi wa kushonea ni mnene kwake. Vanishi kidogo tu imekaa pale, njia imefungwa. Ndo maana injini haishiki hata ungezungusha stata mpaka betri ife. Kuna watu wanavuta mafuta mpaka mwisho wakidhani wanaisaidia, kumbe choki ya kabureta za aina hii inafanya kazi kwa mvuto wa hewa unaopatikana kipepeo, kile kibati kinachofunguka ukivuta mafuta, kikiwa kimefungwa. Ukivuta mafuta unakuwa umeiua choki. Ikiwa ya baridi: choki juu, mkono usiguse mafuta, piga stata.

Kuisafisha. Piga picha kila hatua na simu yako, mabomba yote, waya zote, maana ukishatoa kila bomba linafanana na mwenzake. Toa kabureta nje, usijidanganye kuwa utapulizia dawa ikiwa humo humo ikafunguka, hiyo inafanya kazi kwa mashine iliyolala wiki tatu siyo miaka. Ukilifungua bakuli usiliogope utakachokuta, unga wa kijani, jeli ya rangi ya kahawa, mie nishakuta mpaka mjusi mkavu. Kabla ya kutumia dawa yoyote, fungua kifuniko cha juu utoe ule mpira mwembamba mpana, diaframu, uweke mbali kabisa. Dawa ya kabureta ikiugusa unavimba na hautaingia tena, na hewa ya kompresa inauchana. Uangalie kwenye mwanga kama una tundu, ukiwa na tundu injini itawaka lakini haitapanda spidi.

Toa floti, lile boya la ndani ya bakuli, toa kasindano, fungua jeti zote mbili kwa bisibisi inayokaa sawasawa, shaba ni laini ukiteleza umeharibu kichwa. Kaskrubu ka mchanganyiko, kama kapo wazi hakajazibwa, kwanza kaingize taratibu mpaka kaguse huku unahesabu mizunguko, andika, halafu ndo ukatoe, utakarudisha hesabu ile ile. Jeti zitie kwenye dawa zikae, puliza hewa, kisha uitazame kila moja kwenye jua. Unatakiwa uone duara kamili la mwanga. Siyo mwezi mchanga, duara. Na hapa ndo kabureta nyingi zinapouliwa, mtu anachukua waya au sindano anachokoa, ikitoboka anafurahi, kumbe amepanua tundu na kuanzia siku hiyo inakunywa mafuta na plagi inakuwa nyeusi haijulikani kwa nini. Wewe upo Pangani, chukua mshipi wa nailoni wa kuvulia ule mwembamba kabisa, huo haukwaruzi shaba. Alafu usisahau vile vijia vilivyotobolewa kwenye mwili wenyewe wa kabureta, jeti safi ikifungwa kwenye njia chafu hujafanya kitu. Puliza dawa upande mmoja uone inatokea upande wa pili, kila tundu, na vaa miwani, hiyo kitu ikikurukia jichoni utalala hospitali ya wilaya.

Ukiwa umeshatoa kabureta tazama na jirani zake. Ule mpira unaoiunganisha na injini ukiwa na ufa unaingiza hewa ya wizi, injini itakuwa inapanda na kushuka yenyewe kama inahema. Fungua boksi la chujio la hewa, lile sponji la miaka mingi mara nyingi ukilishika linamomonyoka kama keki, likishafika hapo usilitumie hata dakika, vipande vinanyonywa ndani. Panya wanapenda sana kujenga mle. Na huku kwetu kuna wale nyigu wa udongo, hawaachi tundu, wanajaza tope kwenye mdomo wa ekzosi, kwenye vibomba vya kupumulia vya kabureta, hata kwenye bomba la kupumulia la tangi. Kuna mwaka niliangaika siku nzima na mashine moja inawaka kidogo inakabwa inazima, kila kitu kipya, kumbe ekzosi imejaa nyumba ya nyigu. Chomeka waya mrefu mule uone unaingia bila kukwama.

Upande wa umeme sitakuweka muda mrefu. Ile tik tik ya mwanzo ni betri, na betri ya miaka hiyo hairudi, ikichajiwa inaonyesha volti nzuri ukiipa kazi inaanguka. Mpya iliyojaa na kutulia inasoma volti 12.6 hadi 12.8, na ukiwa unapiga stata isishuke chini ya 10. Kama inashuka na betri ni mpya basi kuna mahali umeme unapotea, na kwa mashine iliyokaa baharini mahali hapo ni athi, yaani waya wa hasi unapofungwa kwenye fremu na injini. Fungua, kwaruza mpaka uone chuma cheupe, funga, paka grisi juu. Fanya hivyo na soketi kubwa kubwa unazoziona. Ukibusti tena kwa gari, gari liwe limezimwa, unataka betri yake siyo jenereta yake.

Siku ya kuwasha sasa. Itoe nje, siyo ndani ya banda, moshi wa injini unaua na hauna harufu ya kukuonya vya kutosha. Chomoa plagi, tia oili ya injini kama kijiko kimoja cha chai kwenye tundu, tupia kitambaa juu, waya wa plagi usiuache unaelea, uchomeke kwenye plagi na plagi iguse chuma cha injini mbali na tundu, halafu piga stata sekunde chache mara mbili tatu. Hiyo inarudisha ulaini uliooshwa na petroli yenu ya kumwagia, na inapandisha oili juu kwenye valvu. Rudisha plagi. Weka gia nyutro, shika breki maana swichi ya breki ni mojawapo ya zile za usalama zinazozuia stata, choki juu, mafuta usiguse, piga sekunde tano pumzika nusu dakika. Stata siyo feni, ikizungushwa mfululizo inaungua. Ikiwaka itatoa moshi wa bluu kwa ile oili uliyotia, usishtuke, dakika chache utaisha. Choki ishushe taratibu inavyopata joto.

Ikiwaka usianze kushangilia kwa kuipiga resi. Sikiliza. Mlio wa kugonga mzito kutoka chini, kama mtu anapiga nyundo ndani ya pipa, zima hapo hapo. Tiki tiki nyepesi juu ni tepeti, yaani nafasi za valvu, hizo zinarekebishika, zinapimwa injini ikiwa ya baridi kabisa kwa vipimo vya kitabu chake. Weka mita kwenye betri, ukiongeza mafuta kiasi inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.8 hivi. Ikibaki 12 na inashuka, haichaji. Ikipita 15, rektifaya inayodhibiti chaji imeharibika, itapika betri yako mpya. Na kama inawaka vizuri halafu baada ya dakika kumi inazima yenyewe, kabla hujamwita mtu fungua kifuniko cha tangi, ukisikia fyuuu basi tangi halipumui, ni nyigu wako hao tena.

Kuhusu fundi wa pili, tumtendee haki. Injini inaweza kuwaka na bado ikawa imechoka, na kwadi za kukodishia watalii huwa zinateswa, kila siku dereva mpya asiyeijua, vumbi, mchanga. Kwa hiyo baada ya kuwaka pima kompresheni, kabureta ikiwa wazi kabisa wakati wa kupima. Lakini mwambie anayepima kuwa injini nyingi za namna hii zina kidude cha kupunguza mgandamizo wakati wa stata, namba inaweza kusoma ndogo wakati hakuna ugonjwa. Asikuhukumu kwa namba moja. Atie oili kidogo kwenye tundu apime tena, ikipanda sana ni ringi, isipopanda tazama valvu. Kipimo kizuri zaidi ni kujaza hewa ya kompresa ndani pistoni ikiwa juu na kusikiliza inapovujia: ukisikia kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye kabureta ni ya kuingizia, kwenye tundu la oili ni ringi. Hapo unajua unalipia nini. Na hata ikiwa ringi, kufungua na kubadilisha ringi na pistoni siyo sawa na kununua injini nzima ya milioni mbili na ushee, ambayo nayo imetoka mahali usipopajua ikiwa na historia usiyoijua. Huyo mbuzi ndo wa kwenye gunia.

Utakutana pia na ushauri wa kununua kabureta mpya ya kuiga ya Kichina badala ya kusafisha. Sitakuficha, ni rahisi na mara nyingine inaokoa siku, na kama ya kwako imeliwa na kutu nyeupe mpaka mwili umemomonyoka huna namna. Tatizo jeti zake mara nyingi hazilingani na injini yako, inawaka lakini inakunywa au inakosa nguvu kwenye kilima. Ya kwako ya asili ikisafishika ibakie hiyo, hiyo ya kuiga iwe ya kujaribia. Na nikwambie ukweli mwingine ambao muuzaji hakukwambia: spea za Yamaha hii hazipo kila kona. Kwadi nyingi za Kichina zinatumia injini za jamii moja na bodaboda, pistoni yake unaipata Kariakoo au hata Tanga mjini siku hiyo hiyo, ya kwako utaagiza na kusubiri. Chuma ni kizuri kuliko cha Kichina, ila subira iwepo. Kama ukipima ukakuta injini imekwisha na mkanda wa spidi umekatika na difu inalia, basi hapo hesabu inageuka, iuze kwa vipande usiendelee kuitupia hela kwa sababu umeshatupia.

Mahali pa kumwita fundi aje aione kwa macho, usisubiri: oili yenye petroli au maji inayorudi baada ya kumwaga, mlio wa kugonga, waya zilizoyeyuka, petroli inayovuja na huoni inapotokea. Na breki. Breki usijifunzie kwenye hii. Mafuta ya breki yananyonya unyevu hewani, kwa miaka hiyo yamegeuka nusu maji, pistoni za breki zimenata kwa chumvi, na shamba lako kama ni la kule kwenye miteremko ya mto utazihitaji siku ya kwanza tu. Amwage yote atie mapya ya DOT iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo lake, afungue kila gurudumu aone.

Matairi nimeyaacha mwisho lakini ndo yatakayokuangusha. Haya matairi manene yanataka upepo kidogo sana, psi 3 mpaka 5 hivi, namba kamili ipo kwenye kibandiko cha mashine. Kijana wa kujaza upepo ataweka 28 kama ya bodaboda maana geji yake hata haisomi namba ndogo hivyo, na kwadi itaanza kuruka ruka kama mpira, ukikata kona inakurusha. Tafuta geji ya psi ndogo, au ujaze na pampu ya baiskeli taratibu mpaka tairi likibonyea kidogo ukilikalia. Nazi zifunge nyuma kwa uzito ulioandikwa kwenye keria, siyo mpaka zitakapojaa, na usimpakize mtu juu ya nazi. Hii mashine imetengenezwa ya mtu mmoja, anakata kona kwa kuhamisha mwili wake kwenye siti, abiria anakuziba usiweze.

Anza kesho na ile skrubu ya chini ya bakuli. Ukiona petroli inatoka au haitoki niandikie, na ukishafungua bakuli nitumie picha ya ndani kabla hujaosha kitu.